Kukoma hedhi baada ya kutolewa kizazi: utajuaje?

Mwanamke akishatolewa kizazi hapati tena damu ya mwezi, na wengi huhesabu kwamba wameshakoma hedhi siku hiyohiyo. Mara nyingi sivyo. Mabadiliko ya kukoma hedhi huletwa na ovari, viungo viwili vidogo vilivyo pembeni mwa kizazi, ambavyo hutengeneza homoni ya estrojeni. Zikiachwa mahali pake huendelea na kazi, ila damu haina tena pa kutoka.

Kwa hiyo muulize daktari aliyekupasua: ovari zangu zilitolewa au ziliachwa? Jibu liandikwe kwenye karatasi za hospitali, uzitunze. Kama zilitolewa zote mbili, estrojeni hushuka ghafla na dalili huweza kuanza ndani ya siku chache, tena kwa ukali, hata kwa mwenye miaka 35.

Zikibaki, kutambua ni kugumu zaidi. Mwenye hedhi huhesabu miezi 12 bila damu. Wewe huna cha kuhesabu. Wengi hufikia hatua hiyo kati ya miaka 45 na 55, ingawa aliyetolewa kizazi huweza kuwatangulia wenzake. Uangalie mwili: joto linalopanda ghafla kifuani hadi usoni kisha likatulia, jasho la usiku linalolowesha shuka, usingizi wa kukatikakatika, hasira za ghafla, viungo kuuma. Kama matiti yako yalikuwa bado yakijaa kila mwezi, huenda yakaacha. Halafu kuna ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hili wanawake wengi hulificha hata mbele ya daktari, na inasikitisha, kwa sababu linatibika.

Jasho la usiku kwetu huitwa malaria upesi. Pima kweli, na kama unakohoa au unakonda, pima na kifua kikuu. Majibu yakiwa safi, usimeze dawa za malaria kwa kubahatisha. Mweleze daktari kuhusu upasuaji wako. Kwa aliye chini ya miaka 45 anaweza kupima damu kuangalia homoni ya FSH, ambayo hupanda ovari zinapochoka, na kurudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 6. Aliyevuka umri huo, kwa kawaida dalili zenyewe hutosha.

Asiye na kizazi akihitaji tiba ya homoni, kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti hutafutiwa njia nyingine. Aliyekoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45, asingoje dalili zimchoshe ndipo aende: upungufu wa estrojeni hudhoofisha mifupa na kuhatarisha moyo hata pale joto linapovumilika.