Riba ya "kumi tu" si ndogo

Hapa Ngamiani, Tanga, ni maneno ya miaka yote: mkopo wa asilimia 10 ni nafuu, mradi riba usiikose. Si kweli. Kumi kwa mwezi, au kwa mwaka?

Mama muuza mihogo akikopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kila tarehe mosi akafungua pindo la kanga na kutoa 10,000 ya riba, mwaka ukiisha ametoa 120,000. Bado anadaiwa 100,000 ile ile. Inauma, kwani huyu ni mlipaji mwaminifu.

Akiongeza 5,000 juu ya riba, na riba ikahesabiwa kwenye salio, mwezi wa pili riba inashuka hadi 9,500. Mkopeshaji aliandike hilo kabla mama hajapokea hela.