Uchanganuzi wa silikati za elementi adimu: kinachopimwa na kinachokokotolewa

Gadolinaiti, madini ya silikati yenye itriamu, ikiwa safi na ikipimwa vizuri kwa mikroproba ya elektroni (kifaa kinachopiga sampuli kwa mwali wa elektroni na kusoma eksirei zinazotoka), jumla ya oksidi zake hutoka karibu asilimia 89. Hakuna kilichoharibika. Fomula yake ni Y₂FeBe₂Si₂O₁₀, na oksidi ya beriliamu, ambayo ni asilimia 10.7 ya uzito, haipatikani katika upimaji wa kawaida wa kifaa hicho. Anayeona 89 kisha akazidisha kila namba ili jumla ifike 100, huyo ndiye anayeharibu.

Kuchanganua madini ya aina hii ni kujua chembe moja ina elementi zipi na kwa kiasi gani, halafu kuzigeuza asilimia hizo kuwa fomula. Baadhi ya namba hupimwa, nyingine hukokotolewa, na msomaji wa jedwali anapaswa kuzitofautisha. Alanaiti, gadolinaiti na yudialaiti, zote silikati zenye elementi adimu, zinasumbua kwa sababu itriamu na lanthanidi (elementi kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu) zinafanana mno kikemia, hivyo hubadilishana nafasi ndani ya fuwele. Ukiacha kupima chache kati yake, fomula nzima inayumba. Mkemia Johan Gadolin alipochunguza jiwe la Ytterby, Sweden, mwaka 1794 aliona lina oksidi mpya, lakini beriliamu ilimpita. Mkemia Mfaransa Vauquelin aliigundua mwaka 1798.

Kazi huanza na sampuli. Hugandishwa katika epoksi, hung'arishwa kwa unga wa almasi hadi mikroni 1 au chini, kisha hupakwa kaboni ya takriban nanomita 20. Sampuli rejea, yaani zile za kulinganishia ambazo muundo wake unajulikana, nazo zipakwe unene uleule. Kabla ya kupima, piga picha ya elektroni zinazorudishwa na sampuli: alanaiti nyingi zina matabaka angavu na hafifu, na doa likiangukia mpakani hutoa wastani wa vitu viwili usio na maana. Mwali wa kV 15 hadi 20 na nA 20 hivi hutosha kwa elementi zilizo nyingi.

Kila elementi hutoa eksirei za nishati zake maalumu, ziitwazo mistari (ya K, L au M); mtego mkubwa ni mistari hiyo kulaliana. Lanthanidi hupimwa kwa mistari ya L, na kila moja ina mingi. Mstari wa Lα wa praseodimiamu uko keV 5.034, na Lβ1 wa lanthanamu uko 5.042. Spektrometa ya nishati, yenye uwezo wa kutenganisha wa eV 130 hivi, haiwezi kuona pengo la eV 8. Hata spektrometa ya urefu wa wimbi hapa inapata taabu, kwa hiyo praseodimiamu hupimwa kwa Lβ1. Lα ya gadoliniamu huangukia mstari wa Lγ1 wa seriamu, ile ya disprosiamu hukaribiana na Kβ ya manganisi, na mstari wa florini hulaliana na mstari wa M wa seriamu. Ndiyo maana florini ya uongo hujitokeza katika alanaiti isiyo nayo. Dawa ni kupima sampuli rejea yenye seriamu bila florini, kuona kiasi cha uongo huo, na kukitoa. Sehemu za pembeni za kupimia usuli (eksirei za chini zisizo za mstari wowote) nazo zichaguliwe kwa makini: zikiangukia mstari wa lanthanidi nyingine, matokeo huweza kuwa hasi.

Sampuli rejea zenyewe zina historia. Fosfati za lanthanidi zilizotumika miaka mingi zilikuzwa katika myeyuko wenye risasi, na baadhi zilibaki na risasi ndani yake. Asiyelijua hilo hukadiria vibaya.

Yudialaiti huleta tatizo jingine: sodiamu hukimbia chini ya mwali. Panua doa hadi mikroni 10 au 20, punguza mkondo, na pima sodiamu kwanza.

Beriliamu, lithiamu na boroni hupimwa vizuri zaidi kwa leza inayochonga sampuli na kuipeleka kwenye spektrometa ya masi. Lanthanidi nzito zilizo chache nazo zinafaa kupimwa huko, ila angalia oksidi: PrO huongeza hesabu ya gadoliniamu 157, na BaO ya europiamu 151. Ukitaka kuyeyusha unga wote, asidi ya haidrofloriki huacha floridi za lanthanidi zisizoyeyuka. Myeyuko wa lithiamu metaborati hulikwepa hilo.

Alanaiti ya seriamu, CaCeAl₂FeSi₃O₁₂(OH), ina maji asilimia 1.5, kwa hiyo jumla nzuri ni karibu 98.5. Ikishuka hadi 94, huenda thoriamu na urani zimebomoa fuwele na maji yakaingia; doa hilo lisitumike kwa fomula. Mikroproba pia haitenganishi hali mbili za chuma, Fe²⁺ na Fe³⁺. Uwiano wake hutokana na kusawazisha chaji kwa kationi (ioni chanya) 8, au na upimaji wa Mössbauer, unaotumia miale ya gama inayofyonzwa na chuma. Seriamu nayo: asilimia 20 ya Ce₂O₃ ni sawa na karibu 21 ya CeO₂, tofauti inayotosha kuifanya jumla ionekane nzuri au mbaya. Jedwali litaje ni oksidi ipi iliyotumika, na kila safu iliyokokotolewa iwekewe alama.