Unasafiri, au Unakula Hapa?

Kazi yangu ni kufundisha watu wa kaunta: makeshia, wafungaji wa oda, vijana wa kufuta meza. Nafanyia zaidi Nakuru, na mara kwa mara huitwa Kisumu na Kakamega. Mwenye mkahawa wa kuku na chipsi akinipigia simu, ombi lake huwa lile lile: "Njoo unifundishie hawa watoto kutabasamu." Namjibu kwamba tabasamu tutaliweka mwisho, muda ukibaki. Ukipitia daftari la maoni la mkahawa wowote wa aina hii, sura ya mhudumu haitajwi sana. Kinachotajwa ni dakika. Mteja aliambiwa "dakika mbili tu", akangoja ishirini, na kwa muda huo wote hakuna aliyemgeukia kumwambia neno.

Kwa hiyo mimi huanzia hapo. Kwenye mkahawa wa chakula cha haraka, heshima ya kwanza ni kumwambia mteja ukweli kuhusu muda wake.

Chanzo cha mvutano huu kati ya mteja na kaunta kiko mbali na Nakuru. Mwaka 1948, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mkahawa wao wa San Bernardino, California, uliokuwa ukiwapelekea watu chakula hadi ndani ya magari. Walipoufungua upya, wahudumu wa kupeleka hawakuwepo tena, menyu ilikuwa imepunguzwa ikabaki vitu tisa, vyombo vya kuosha vimeachwa kwa karatasi za kutupa, na baga moja inauzwa senti 15. Mteja alipanga foleni dirishani na kujibebea chakula chake. Alikubali kukosa mhudumu kwa sababu alipata kasi, na bei ilishuka. Pande zote mbili zilielewana.

Huku kwetu mapatano hayo yalifika nusu. Foleni ilikuja, karatasi za kutupa zikaja, bei ya chini ikabaki njiani. KFC ilipofungua mlango Nairobi mwaka 2011, na mikahawa ya kienyeji ikazidi kuiga mtindo huo hadi miji yetu, kuku na chipsi hakikuwa chakula cha mtu mwenye haraka na mwenye pesa kidogo. Mwenye pesa kidogo anakwenda kibandani kula ugali, sukuma na matumbo, na anahudumiwa upesi kuliko kwetu mikahawani. Kwetu huja familia iliyotoka kanisani Jumapili, watoto wamevaa viatu vipya. Huja baba aliyepokea mshahara, au mama aliyemtoa kijana bweni siku ya kufunga shule. Wamekuja kukirimiwa. Mashine yote ya mkahawa, kuanzia kaunta ndefu hadi viti vigumu, imepangwa kwa mtu wa kula na kuondoka. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na hakuna keshia wa kulaumiwa.

Kakamega jambo hili linaonekana wazi zaidi. Kwa Waluhya kuku ni chakula cha mgeni, na firigisi ina mwenyewe: mzee wa nyumba. Kuku akija, maji ya kunawa yametangulia. Sasa mchukue mzee wa namna hiyo, mwambie ajipange, umpe kuku ndani ya boksi bila kumwangalia usoni, kisha sinki limekauka na sabuni imekwisha tangu asubuhi. Hatalalamika kwa sauti. Hatarudi tu, na atawaambia wenzake. Ndiyo maana hata mikahawa yenye majina ya kigeni huweka sinki ukumbini, mbele ya macho ya wote. Nikifika mahali mara ya kwanza, kabla sijasalimia mtu yeyote, nakwenda kunawa. Hapo najua mengi.

Ni sababu hiyo hiyo inayofanya ile desturi ya Kimarekani ya mteja kuinuka na kumwaga mabaki yake kwenye pipa isishike huku. Mwenye mkahawa mmoja alibandika tangazo la kuwataka watu wafanye hivyo, tena kwa herufi kubwa. Trei zilibaki mezani. Mgeni haoshi vyombo kwa mwenyeji wake, na mimi namwambia mwenye mkahawa aajiri kijana mmoja zaidi aache kupigana na watu.

Turudi kwenye dakika. Nakuru iko kilomita zipatazo 160 kutoka Nairobi, na magari ya Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Kitale hupita hapa mchana na usiku. Abiria anashuka, dereva ametangaza dakika kumi, kondakta ameshaanza kugonga bodi ya gari. Mtu huyu akiagiza chipsi masala na keshia akapokea pesa bila kuuliza, tumeshamkosea kabla jiko halijajua habari zake. Ndiyo maana swali la kwanza ninalolifundisha Nakuru, likifuata salamu, ni hili: "Unasafiri, au unakula hapa?" Anayesafiri anaonyeshwa kilicho tayari kwenye kabati la joto: sambusa, soseji, kuku aliyekwisha kaangwa. Anayekula hapa anaweza kungojea kitu cha moto kutoka kwenye mafuta. Swali moja, na nusu ya fujo za kaunta imeisha.

Keshia hawezi kutoa muda wa kweli asipojua jiko linavyofanya kazi, kwa hiyo huwa nawapeleka wote jikoni wasimame kando ya mafuta. Chipsi za viazi vibichi vya Molo au Mau Narok, zikikaangwa vizuri, huingia mara mbili: kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 160 hivi mpaka ziive ndani, kisha nyuzi 180 au karibu yake, dakika mbili tatu, zikauke nje na kupata rangi. Mzunguko wa kwanza unaweza kufanywa mapema, kabla watu hawajajaa. Ukijaza kikapu kupita kiasi, mafuta yanapoa, chipsi zinanyonya mafuta na muda unarefuka. Kipande cha kuku chenye mfupa kinataka kama robo saa, maana lazima joto la ndani lifike nyuzi 74. Halafu chipsi zikishatoka hazina maisha marefu: dakika saba hivi, zinaanza kulegea. Haya si mambo ya kubahatisha. Saa ipo ukutani. Kijana anayejua kikapu kiliingia lini hana sababu ya kusema "dakika mbili". Anaweza kusema, "Chipsi zinatoka baada ya dakika nane, mama. Kuku yuko tayari. Utangoja, au nikufungie kuku na sambusa?" Mama atachagua. Akichagua kungoja, dakika nane hizo ni zake.

Wengi hudhani mteja akiambiwa dakika nane ataondoka. Wapo wanaoondoka, na ni bora waondoke na pesa zao mfukoni kuliko kuondoka bila chakula huku pesa zimebaki kwetu.

Kwa wasimamizi, hesabu moja inatosha. John Little, Mmarekani, alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo leo hutumika kuanzia viwandani hadi hospitalini: idadi ya watu waliomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda anaokaa kila mmoja. Saa saba mchana, simama mlangoni Kisumu. Ukiona wanaingia watu wawili kila dakika, na waliosimama ni 12, kila mmoja wao anakaa dakika sita, hata kama hujashika saa. Wakifika 20, wanakaa kumi. Hapo mwite mtu wa pili kwenye kaunta, usingoje mtu apige meza.

Januari 2022 KFC iliishiwa na chipsi nchini, kwa kuwa viazi vilivyokuwa vikiagizwa kutoka nje vilichelewa. Mkahawa kuishiwa kitu ni jambo la kawaida, na Wakenya wamezoea kuambiwa "hiyo imeisha". Kilichowasha moto mitandaoni ni maelezo: kwamba viazi vya wakulima wa hapa havingeweza kuchukuliwa tu, lazima muuzaji apitie kwanza taratibu za ubora. Nyandarua na Nakuru wanasikia hivyo huku magunia yamejaa barabarani! Huenda maelezo yale yalikuwa sahihi kwa upande wa usalama wa chakula. Lakini kwa sikio la mteja yalikuwa tusi, na mimi hutumia kisa hicho kuwaonyesha vijana kwamba sababu ya kweli nayo huchaguliwa maneno.

M-Pesa imeleta adabu zake. Keshia anasema, "Onyesha mesej," na mteja mbele ya foleni nzima anahisi ameitwa mwizi. Ni kweli kuna watu huja na ujumbe wa kughushi, kwa hiyo siwaambii makeshia wamwamini kila mtu. Nawaambia watazame simu ya duka badala ya simu ya mteja, na kabla pesa hazijatumwa wamtajie jina litakalotokea kwenye tili. Mtandao ukivuta, aseme: "Haijaingia kwangu bado. Keti tu, oda yako nimeshaipeleka jikoni." Wenye mikahawa huogopa sehemu hiyo ya mwisho. Lakini chipsi zinataka dakika kadhaa, na ujumbe kwa kawaida utakuwa umefika kabla chakula hakijakabidhiwa. Kama haujafika, chakula bado kiko upande wetu wa kaunta.

Kuhusu kuitana, nitasema machache. "Mama", "mzee", "anti" na "kaka" havijamuudhi mtu. "Mrembo" kutoka kwa keshia wa kiume kumeudhi wengi, na nimepiga marufuku. Mtu mwenye mvi asiitwe kwa namba kama mfungwa. Mpelekee chakula mezani, hata kama sheria ya mkahawa inasema kila mtu ajichukulie. Na tafadhali, punguzeni muziki. Namba inaitwa mara nne kwa sababu spika iko juu ya kichwa cha keshia.

Kuna na waendesha boda wa kupeleka oda. Hawa husukumwa pembeni kama si wateja, ilhali mteja yuko nyumbani Milimani anawangoja. Chakula kikichelewa jikoni, anayefokewa langoni ni mwendeshaji. Naye aambiwe muda wa kweli, apewe mahali pa kukaa, apate maji.

Wateja nao wana yao. Yupo anayeruka foleni kwa kisingizio cha "mimi nachukua soda moja tu", na yupo anayeongea na simu huku keshia amemkodolea macho na watu tisa wamesimama nyuma. Wengine huita mhudumu kwa "ksss". Vijana hawa husimama tangu asubuhi, na mshahara wao wengi tunaujua. Siwafundishi kuvumilia matusi. Nawafundisha kusema, "Nitakuhudumia, lakini usinitukane," kisha wamwite msimamizi, na msimamizi asimame upande wa mfanyakazi wake.

Malalamiko yenyewe ndiyo sehemu ninayoitumia muda mwingi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Mteja mwenye chipsi baridi hajui vifungu, na hahitaji kuvijua. Anataka mtu wa kwanza aliyemwona ndiye atatue. Jibu la "ngoja meneja" linamrudisha kwenye kungoja, kule kule alikotoka akiwa na hasira. Kwa hiyo naomba keshia apewe ruhusa ya kubadilisha chakula au kurudisha pesa taslimu, hadi bei ya oda moja ya kawaida, bila kumuuliza yeyote, mradi aandike daftarini saa, kitu na sababu. Wenye mikahawa huniambia wataibiwa. Nawaambia walinganishe daftari hilo na magunia ya viazi kila Ijumaa; mwizi ataonekana upesi kuliko anavyoonekana sasa. Asiyekubali sharti hili, siku ya mafunzo tunaisogeza mbele mpaka akubali.