"Kwetu Mgonjwa ni wa Ukoo Mzima": Dhana Potofu Kuhusu Siri za Wodini

Nafundisha wauguzi wa Tanzania kutunza taarifa za wagonjwa, na karibu kila semina anasimama mtu na kusema siri ni mambo ya Wazungu; kwetu mgonjwa ni wa ukoo mzima. Nimechoka kulisikia hili.

Ya unyagoni hayatoki unyagoni. Kungwi anajua mengi ya mwali, na akiyatangaza nani atampelekea binti tena? Hata "mficha uchi hazai", methali ninayotupiwa kila mara, inamtaka mama ajifunue kwa mkunga. Haimruhusu mkunga kwenda kuyasimulia kisimani.

Kinachotusumbua ni shinikizo. Baba mdogo kafika, ndiye aliyelipa bili, anasimama mlangoni kuulizia majibu ya vipimo vya binti. Muuguzi kalelewa kwamba mkubwa hanyimwi jibu, basi anamwambia. Baada ya hapo binti haonekani tena CTC, kliniki ya huduma za VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, hazimpi baba mdogo haki ya majibu ya mtu mzima eti kwa sababu kalipa.

Na adabu ya kumjibu ipo: "Shikamoo baba. Hayo atakueleza mwenyewe, karibu umwone." Bora zaidi, mgonjwa anapolazwa, akiwa peke yake, muulize: nani nimwambie habari zako, na nani nisimwambie? Andika jibu ndani ya faili. Nawasihi, msiliruke swali hili hata siku wodi imefurika.

Dhana nyingine ninazozisikia: "Ulinzi wa data ni kazi ya TEHAMA." Mtu wa TEHAMA hayupo wodini saa nane za usiku. Paswedi moja ikitumiwa na zamu nzima, hakuna atakayejua nani alifungua faili la nani.

"Daktari akitaka faili, nesi hakatai." Cheo hakimpi faili la mgonjwa mtu asiyehusika na matibabu ya mgonjwa huyo. Muuguzi mdogo ampelekee suala muuguzi kiongozi. Nanyi viongozi, mkimfokea kwa kuuliza, wodi nzima itajifunza kunyamaza.

"Nikificha uso, picha naweza kuituma WhatsApp." Kovu linaonekana, kanga inaonekana, namba ya kitanda inaonekana. Wilayani watu wanajuana. Kabla ya jioni jina limeshapatikana.