Nota za Michoro: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Jioni moja ya mazoezi ya kwaya yetu hapa Mtwara, niliweka juu ya kinanda nakala ya ukurasa wa mtunzi wa Marekani, Earle Brown, uitwao “December 1952”. Hauna ile mistari mitano ya kuandikia nota wala vichwa vya nota; una mistatili myeusi ya unene na urefu mbalimbali, mingine imelala na mingine imesimama, iliyotawanyika kwenye weupe wa karatasi. Mwenzetu wa besi aliutazama, akauliza kama ni ramani ya viwanja. Nilipomweleza kwamba ni muziki ulioandikwa kwa mchoro badala ya nota, akasema kwamba karatasi isiyo na mistari si muziki, na wengine wakaongeza yao.

Dhana iliyotawala ni kwamba mchoro humwacha mpigaji afanye apendavyo. Ukweli ni kwamba kila mwandiko wa muziki hugawa maamuzi kati ya mtunzi na mpigaji, na mgawanyo huo hutofautiana sana. Morton Feldman, katika kazi yake ya selo ya mwaka 1950, alichora visanduku katika ngazi tatu, yaani juu, kati na chini: sauti ipi hasa itolewe ndani ya ngazi hiyo alimwachia mpigaji, ila wakati wa kuitoa, na kama itolewe kwa upinde au kwa kudonoa waya kwa kidole, aliamua mwenyewe. Krzysztof Penderecki wa Poland alibana zaidi. Katika maombolezo yake kwa wahanga wa Hiroshima, yaliyoandikwa kwa vyombo 52 vya nyuzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, pembetatu nyeusi humtaka mpigaji atoe sauti ya juu kabisa ambayo chombo chake kinaiweza, na urefu wa vipande hupimwa kwa sekunde. Anayeingia kabla ya wakati amekosea, kama anavyokosea mwimbaji wa teno anayewahi kiitikio. Brown ndiye aliyelegeza kamba, kwa kuwa ukurasa wake waweza kusomwa kutoka upande wowote kati ya pande nne. Feldman, kwa upande wake, baadaye aliuacha mwandiko wa visanduku, akieleza kwamba alikusudia kuzipa sauti uhuru, kumbe alikuwa amempa uhuru mpigaji.

Wapo wanaodhani kwamba watunzi hawa walichora kwa kutojua nota. Cornelius Cardew wa Uingereza alisomea muziki katika chuo cha juu cha London, kisha akafanya kazi ya usanifu wa michoro. Kitabu chake “Treatise”, alichokiandaa kati ya 1963 na 1967, kina kurasa 193, na chini ya kila ukurasa ameacha mistari ya nota ikiwa mitupu. Hakutoa maelekezo yoyote, hivyo ni kawaida kwa wapigaji kukaa pamoja na kupatana maana ya duara au mstari mzito kabla ya kugusa chombo.

Si kila mchoro, vilevile, umechorwa ili upigwe. Kazi ya György Ligeti ya mwaka 1958, “Artikulation”, ilitengenezwa studioni kwenye utepe wa sauti. Mchoro wake maarufu wa rangi ulitengenezwa na Rainer Wehinger mwaka 1970, kwa ajili ya msikilizaji. Wala uchoraji huu si wa jana: Mfaransa Baude Cordier aliandika wimbo wa mapenzi kwa umbo la moyo yapata miaka 600 iliyopita.

Kuhusu mistari mitano, nayo ina mapengo yake: haiwezi kuonyesha jinsi sauti ya ngoma ya sindimba inavyobadilika ngozi ikishaota moto, jambo ambalo mpigaji hujifunza kwa sikio. Na solfa tunayoimbia kanisani, iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, ni herufi na nukta tupu. Mwenzetu wa besi, alipokuwa akisema yale maneno, alikuwa ameshika daftari lake la solfa.