Kumuuguza Jirani: Tanzania, Burundi na Kazi Inayobaki Baada ya Saini

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, kilijaa watu kupita kiasi. Kagunga kiko mpakani kabisa na Burundi, kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamelala ufukweni, kipindupindu kikawaingilia, na njia ya kuwatoa ilikuwa ya majini. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikapiga safari mfululizo kuwapeleka Kigoma mjini. Kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Wengi wao waliijua njia ile. Kuna waliopita huko wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni miaka ya 1990, na kuna waliokuwa wamerudishwa kwao chini ya miaka mitatu kabla. Kila ninapofundisha sera ya nchi kwa majirani wanaotoka vitani, hapo ndipo ninapoanzia: kwa mtu mmoja anayekimbia mara mbili, mara tatu, katika maisha yake. Wanafunzi huuliza zaidi kuhusu mikataba, vikao vya marais na vikwazo. Hayo nayo tutayaona. Swali langu kwao huwa moja: waliorudi nyumbani, wamebaki nyumbani?

Tanzania imekuwa ikilijibu swali hilo, mara vizuri na mara vibaya, kwa zaidi ya miaka hamsini. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yalileta kundi kubwa la kwanza la wakimbizi, waliopewa ardhi na kuanzisha makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kisha ikaja 1993. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa kidemokrasia na Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Vita vilivyofuata, kati ya jeshi lililoshikwa na Watutsi na waasi wa Kihutu, vinakadiriwa kuua watu 300,000. Cyprien Ntaryamira aliyekuja kuwa rais baadaye naye alikufa tarehe 6 Aprili 1994, ndani ya ndege ileile ya Juvénal Habyarimana wa Rwanda, wakitoka kwenye kikao cha wakuu wa nchi hapa Dar es Salaam.

Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mara ya pili kwa njia ya kijeshi. Siku chache baadaye viongozi wa nchi za ukanda huu walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Wananchi wengi husikia neno hilo bila kuelezwa linavyofanya kazi. Burundi haina bahari. Mafuta, mbolea, chumvi, dawa na vipuri huingia kwa barabara, kwa reli hadi Kigoma kisha kwa meli hadi Bujumbura. Ukifunga njia hizo umeshika koo la nchi nzima. Na kweli, mwezi Septemba mwaka uleule serikali ya Buyoya ilirudisha Bunge na kuruhusu tena vyama vya siasa. Lakini koo lililoshikwa halikuwa la wakubwa peke yao. Bidhaa za magendo zilipanda bei, wenye marafiki serikalini wakatajirika kwa kuziingiza, na mkulima akakosa mbolea. Aprili 1997 vikwazo vililegezwa kwa bidhaa za kibinadamu, vikasimamishwa Januari 1999. Kwa maoni yangu vilisaidia mwanzoni, kisha viliachwa kukaa muda mrefu mno. Anayeweka kikwazo anapaswa kusema tangu siku ya kwanza ni hatua ipi ikichukuliwa kitaondolewa. Asiposema, anayeumizwa hana sababu ya kubadilika.

Wakati huohuo Mwalimu Julius Nyerere alikuwa msuluhishi. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, yakagawanywa katika kamati: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na dhamana za utekelezaji. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini kamati nzima ipewe historia wakati watu wanakufa. Jibu ni kwamba kila upande ulikuwa na mauaji yake uliyoyakumbuka na mengine uliyoyakana. Bila kuyakubali hayo mezani, kila kifungu cha katiba kingesomwa kama mtego.

Hapa kuna jambo la kujifunza kuhusu ujirani wenyewe. Jirani anajua mengi: anaijua lugha, na Muha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana bila mkalimani. Kwa sababu hiyohiyo jirani hutiliwa shaka. Vyama kadhaa vya Watutsi, na serikali ya Buyoya yenyewe, viliona Tanzania inaegemea upande wa Wahutu, maana waasi walikuwa na jamaa zao kambini kwetu. Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ilikabidhiwa kwa Nelson Mandela, aliyetoka mbali na asiyekuwa na mpaka na Burundi. Hiyo ilikuwa busara. Tanzania iliendelea kuwa mwenyeji wa mazungumzo, msuluhishi akawa mgeni.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Makundi makubwa mawili yenye silaha, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwepo kwenye saini hiyo, na vita viliendelea. Ilichukua hadi Novemba 2003 CNDD-FDD wakubaliane na serikali hapa Dar es Salaam, na hadi Septemba 2006 FNL nao wasaini kusitisha mapigano, hapahapa Dar es Salaam. Picha za mwaka 2000 zinaonyesha marais wakipeana mikono. Kazi iliyozaa amani ni ile ya miaka sita iliyofuata, iliyofanyika bila kamera nyingi.

Ndani ya mkataba, na katika katiba ya 2005 iliyotokana nao, kulikuwa na hesabu ambayo kila raia wa ukanda huu angefaa kuijua. Serikalini na katika Bunge, nafasi zigawanywe asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Katika Seneti, nusu kwa nusu. Katika jeshi, kabila lolote lisizidi asilimia 50. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa kuwa jeshi la Watutsi ndilo lililoamua nani atawale tangu miaka ya 1960. Waasi wa jana walivaa sare moja na askari waliokuwa wakiwawinda, na mwishoni mwa 2007 askari wa Burundi walianza kupelekwa Somalia kulinda amani ya wengine.

Ukitaka kujua kama hesabu ile ilifaa, tazama mwaka 2015. Rais Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu. Wapinzani wakasema Arusha imeweka mihula miwili. Yeye akasema ule wa 2005 alichaguliwa na Bunge, hivyo hauhesabiki. Tarehe 13 Mei, akiwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wakuu wa nchi kuhusu mgogoro huohuo, maofisa wa jeshi walijaribu kumpindua, wakashindwa. Watu waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia. Hata hivyo mapinduzi yaliongozwa na jenerali Mhutu dhidi ya rais Mhutu, na waandamanaji walitoka pande zote. Nchi haikurudi kwenye mauaji ya kikabila ya 1993. Arusha ilizuia jambo hilo, na wanaoudharau mkataba ule wasilisahau.

Kilichoshindwa ni udhamini. Mdhamini ni tofauti na msuluhishi: msuluhishi humaliza kazi siku ya saini, mdhamini ndipo anapoanza. Nchi za ukanda zilikuwa wadhamini, lakini ahadi hiyo haikuwa na meno. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, hufanya maamuzi ya wakuu wa nchi kwa makubaliano ya wote, kwa hiyo nchi inayojadiliwa inaweza kuzuia mjadala. Tuliliona Novemba 2018, kikao cha wakuu wa nchi kilipoahirishwa kwa sababu Burundi haikufika. Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyebebeshwa mzigo wa kuwezesha mazungumzo mwaka 2016, aliita kikao baada ya kikao, na serikali ya Bujumbura ikakataa kukaa na wapinzani ilioona ni wahaini. Umoja wa Afrika nao ulitangaza Desemba 2015 kupeleka askari 5,000, Burundi ikakataa, mpango ukazikwa mwezi uliofuata. Tishio ambalo mtoaji hawezi kulitekeleza hupunguza thamani ya tishio la pili.

Nirudi kwa mkimbizi wangu, maana ndiye anayebeba matokeo ya haya yote.

Tanzania ilifanya jambo moja kubwa ambalo nchi tajiri hazijathubutu kulifanya kwa kiwango hicho. Wakimbizi wa 1972 na watoto wao walipewa nafasi ya kuchagua kurudi au kubaki, na walio wengi walichagua kubaki. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba. Vyeti vilichelewa kwa miaka, kwa kuwa awali walitakiwa wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine. Sharti hilo lilipoachwa, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Watu hao leo wanalima tumbaku na mahindi, wanalipa kodi na wanapiga kura. Ile pia ilikuwa sera ya nje. Ardhi waliyoiacha Rumonge na Nyanza-Lac ilikuwa imekaliwa na wengine kwa zaidi ya miaka thelathini, na wote wangerudi kwa pamoja kudai mashamba yao, nchi iliyotoka vitani ingepata vita vipya, vya mipaka ya viwanja. Tume ya ardhi ya Burundi ilielemewa hata na wachache waliorudi.

Jambo la pili silisifii. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Baada ya mahojiano ya mtu mmojammoja, watu wapatao 35,000 walionekana hawastahili tena kuwa wakimbizi, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa. Kisheria utaratibu ulifuatwa. Serikali ilikuwa imechoka, na uchovu huo ulikuwa na haki yake: kuni ziliisha misituni, silaha zilipenya, na wanakijiji wa Kigoma walibeba mzigo ambao dunia iliusahau. Lakini mwaka 2015, miongoni mwa waliofika kwa miguu na kwa mitumbwi, walikuwamo wale wa Mtabila. Tuliwarudisha kwenye nchi iliyokuwa na amani ya juujuu, isiyokuwa na shamba la kuwapa.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unasema wazi kwamba mkimbizi asirudishwe bila ridhaa yake. Hiari haipimwi kwa fomu iliyotiwa saini peke yake. Soko la kambini likifungwa, posho ya chakula ikipunguzwa kwa sababu wahisani hawajatoa fedha, na baiskeli ikizuiwa barabarani, yule anayesema "naenda" anaweza kuwa anaikimbia kambi. Wanaorudi kwa namna hiyo ndio tutakaowapokea tena.

Yapo yanayokwenda vizuri. Uchaguzi wa Mei 2020 ulileta uongozi wa Évariste Ndayishimiye, ambaye Septemba mwaka huo alikuja Kigoma, na Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Burundi Julai 2021. Kituo cha pamoja cha forodha kati ya Kabanga na Kobero kinapunguza siku za malori mpakani, na mwanzoni mwa 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, kwenye madini ya nikeli. Wapo wanaoiita hii diplomasia ya uchumi na kuona imechukua nafasi ya ile ya zamani. Mimi naona reli itafaa amani ikiwa mkulima wa Rutana naye atapakia kahawa yake. Ikibeba nikeli peke yake, itafaa wenye mgodi.

Kwa hiyo unaposikia makubaliano mapya kati yetu na Bujumbura, au kuhusu Kongo, yaulize mambo machache. Nani hakusaini? Nani atafuatilia mwaka wa tano? Anayerudi anarudi kwenye shamba la nani? Mbunge wako ana haki ya kuyauliza bungeni, na wewe una haki ya kumtuma.

Nataja Kongo kwa sababu. Januari na Februari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu, na viongozi wa Afrika Mashariki na wa Kusini mwa Afrika wakakutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Wiki hizohizo makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, na baadaye wengi wakahamishiwa Musenyi, si mbali na mpaka wetu. Waliowapokea, wakawagawia maji na mihogo, ni Warundi, na baadhi yao walijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya udongo ya Mtabila.