Nishati Haizunguki

"Nishati huzunguka katika mfumo ikolojia." Utaisikia sentensi hii kwenye semina za uhifadhi, utaisikia siku ya kupanda mikoko pale wageni rasmi wanapopokezana kipaza sauti, na ukifungua daftari la mtoto wa sekondari unaweza kuikuta imewekewa alama ya vema. Huku Tanga inasemwa kwa mazoea tu. Inapendeza masikioni na inakaribia ukweli, ndiyo maana haifi.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Mfumo ikolojia ni viumbe hai wa mahali fulani pamoja na vitu visivyo hai vinavyowazunguka, yaani maji, udongo, hewa, chumvi na mwanga, vikitazamwa kwa pamoja kwa sababu kimoja kikiguswa kingine hutikisika. Mikoko ya Tongoni ni mfumo ikolojia, matumbawe ya Kigombe vilevile, na hata dimbwi la mvua linalodumu wiki kadhaa likafuga viluwiluwi. Aliyeingiza neno hilo katika sayansi, mwaka 1935, alikuwa Mwingereza Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanzia kwenye kile kinachopita ndani ya mfumo. Vinapita vitu viwili, na watu wanavichanganya. Kuna mata: kaboni, naitrojeni, fosforasi, maji. Na kuna nishati, ambayo mimea huichukua kutoka kwenye mwanga wa jua na kuihifadhi ndani ya sukari kwa njia ya usanisinuru. Vyote viwili husafiri katika tonge moja, kwa hiyo ni rahisi kudhani mwisho wa safari yao ni mmoja. Boti ikitoka Sahare alfajiri, jioni inarudi palepale. Petroli iliyochomwa njiani hairudi, na kesho lazima inunuliwe nyingine. Mata ndiyo boti, nishati ndiyo petroli.

Chukua jani la mkoko. Likizeeka hugeuka manjano, na kabla halijadondoka mti unakuwa umeshavuta na kurudisha mwilini mwake sehemu nzuri ya naitrojeni iliyokuwemo. Linaloanguka matopeni lina kaboni nyingi, lishe haba, na uchungu wa tanini juu yake. Kaa analivuta mpaka shimoni, anatafuna anachokiweza. Linalobaki majini hugeuka kahawia, kisha jeusi, kisha linaanza kuteleza. Ule utelezi ukiushika vidoleni umeshika bakteria na kuvu. Wao wanalila jani, lakini naitrojeni ya kujengea miili yao haitoshi humo, hivyo wanaichota kwenye maji na tope la pembeni. Matokeo yake, jani linavyozidi kuoza ndivyo naitrojeni katika kila gramu yake inavyopanda, na wakati huohuo nishati iliyobaki katika jani zima inazidi kushuka. Moja linaingia, lingine linatoka, katika jani lilelile, wiki ileile. Kama vitu hivyo viwili vingekuwa na njia moja, jambo hilo lisingewezekana.

Nishati inayotoka inakwenda wapi? Inakuwa joto. Kila kiumbe anayepumua anachoma chakula ili aishi, na anapochoma, joto linamponyoka. Aliyewahi kutengeneza mboji ushahidi anao mkononi. Mkulima wa Muheza akishapanga lundo lake la majani, samadi na udongo, huchomeka fimbo ndefu iliyochongwa, kwa mshazari, mpaka katikati. Baada ya siku chache anaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, mambo yanakwenda. Ikiwa ya baridi, lundo limekauka au limekosa hewa. Katikati ya lundo zuri joto linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Lile ni jua lililoyaangukia majani yale miezi kadhaa nyuma, na sasa ndiyo linaondoka. Hakuna mchicha unaoweza kulikamata tena ukalitengenezea sukari. Mboji ikishapoa na kumwagwa bustanini, inachoupa mchicha ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na udongo unaoshika maji.

Kwa hiyo kauli inayoniudhi kuliko zote ni ile inayosema kwamba waozeshaji, yaani hao bakteria na kuvu, "hurudisha nishati ardhini ili mimea iitumie tena". Waozeshaji ndio wanaomalizia kuichoma. Mkorosho haunyonyi nishati kwa mizizi hata chembe. Kwa mizizi unanyonya maji na madini. Nishati unaipata juu, kwenye jani, jua jipya kila asubuhi.

Mbishi akiendelea kubisha, huwa namhamishia kwenye mkonge, maana Tanga hatukosi mfano wa mkonge. Singa, yaani zile nyuzi zake, ni sehemu ndogo, chini ya asilimia 5 ya uzito wa jani bichi. Yanayobaki ni makapi na yale maji ya kijani yanayotiririka kutoka kwenye korona, ile mashine ya kutenganisha singa na jani. Pale Hale makapi hayo yamewahi kulishwa kwenye mtambo wa biogesi wa kuendeshea jenereta. Gesi ikichomwa, umeme ukatumika, habari ya nishati imeishia hapo. Lakini tope linalobaki kwenye tangi lina virutubisho vyake, na linafaa kurudishwa shambani kuwa mbolea. Mtambo mmoja, jani moja, njia mbili.

Sasa, kwa kuwa kila ngazi ya ulaji (mimea, kisha wanaoila, kisha wanaowala hao) inachoma chake, kinachofika ngazi inayofuata ni kidogo. Mimea yenyewe kwa kawaida huhifadhi asilimia 1 hivi ya mwanga unaoifikia, mara nyingi chini ya hapo. Kuanzia hapo hukadiriwa kwamba asilimia 10 ndiyo hupita kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Peleka hesabu hiyo baharini: kilo 10,000 za planktoni za kimea, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, zitalisha kilo 1,000 za planktoni za kinyama, yaani vijinyama vinavyovila, hizo zitalisha kilo 100 za dagaa, na dagaa hao watatoa kilo 10 za nguru. Tasi, anayekula mwani na nyasi za bahari moja kwa moja, anaruka ngazi mbili: kutoka kilo zilezile 10,000 anaweza kupatikana wa kilo 1,000. Sisemi bei ya nguru pale soko la Deep Sea inatokana na hilo peke yake, ila bahari haiwezi kuwa na nguru wengi kama dagaa hata ikilindwa kwa bunduki. Na hesabu hii ni ya mwaka mzima. Ukichota ndoo moja leo unaweza kukuta planktoni za kinyama zina uzito kuliko za kimea, kwa sababu za kimea huzaliana upesi na kuliwa upesi. Uzito wa siku moja unadanganya, mtiririko wa nishati kwa mwaka haudanganyi.

Hiyo asilimia 10 nayo imeshageuzwa amri. Ni makadirio ya kuanzia mazungumzo. Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani ambaye makala yake ya mwaka 1942 ndiyo iliyoweka msingi wa kuhesabu nishati kwa ngazi (alifariki mwaka huohuo, hajatimiza hata miaka 30), alipopima ziwa dogo la Cedar Bog kule Minnesota alipata asilimia 13.3 kwa wala mimea na 22.3 kwa wanaowala hao. Wanyama wenye damu moto huvujisha zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chao huishia kuupasha mwili. Silikanti wetu yuko upande wa pili kabisa. Samaki huyu, ambaye tangu 2003 amekuwa akinaswa kwenye jarife zinazotegwa kilindini, na ambaye ndiye sababu ya Tanga kupata hifadhi ya bahari yenye jina lake mwaka 2009, hushinda mapangoni mchana na kutoka usiku akielea polepole. Mwili wake unachoma kidogo mno. Kule chini ambako chakula ni cha kubahatisha, ubahili huo ndio unaomweka hai.

Kuna hoja mbili ninazoletewa, na zote ni za maana. Ya kwanza: kaa akila kinyesi cha kaa mwenzake, si nishati imezunguka hapo? Imepita tena kwenye tumbo jingine, kweli, lakini imepita ikiwa pungufu, na ikipita mara ya tatu itakuwa pungufu zaidi. Mara chache tu hakuna cha kula tena. Ya pili: vipi matope meusi ya mikoko, yale yanayonuka mayai viza? Mle hakuna oksijeni, uozaji unakwenda kwa kusuasua, na mabaki ya mizizi na majani yanaweza kukaa miaka mamia yakiwa na nishati yake ndani. Hata makaa ya mawe asili yake ni mimea iliyozikwa namna hiyo. Hoja nzuri, ila kinachoonyeshwa hapo ni nishati iliyochelewa. Siku tope lile litakapochimbuliwa likakutana na hewa, itaondoka kwa mlango uleule wa joto.

Utasema nabishania maneno. Hapana, maneno haya yanazaa mipango. Anayeamini nishati inazunguka ataona kwamba mkoko ukikatwa hasara inafidika, mradi kitu fulani "kirudishwe" majini. Virutubisho ndiyo, vinafidika: Mto Sigi unavishusha kutoka Usambara, maji kujaa huvileta, gunia la mbolea huvileta. Naitrojeni ni msafiri hodari. Dagaa wa Tanga akisagwa kuwa chakula cha kuku, samadi ya kuku ikapanda lori, naitrojeni yake inaweza kuishia kwenye kabichi la Lushoto. Nishati ya fungu lile la pwani, hata hivyo, iliingia kwa kupitia majani ya pale, mwani wa pale, nyasi za bahari za pale. Yakiondoka majani, jua linaendelea kuwaka juu ya tope tupu na halilishi mtu.

Kwa walimu na waandaaji wa mabango nina ombi dogo tu. Ule mchoro wenye jua, mti, panzi, kuku, kicheche na kuvu, na mishale inayokwenda ikizunguka, msiufute. Mshale wa kutoka kwa kuvu kwenda kwenye mti uacheni palepale, ila uandikeni jina lake: naitrojeni, fosforasi, madini. Kisha kwa kila kiumbe, kuvu akiwemo, ongezeni mshale mwingine unaotoka nje ya mchoro, uandikwe joto. Mshale huo usichorwe ukirudi popote.